Shisha na ahadi ya maji: miaka 400 ya kukatazwa



Mu bar nyingi za Goma, Bukavu na Lubumbashi, chupa ya shisha ikiletwa ku meza, utasikia sentensi moja: «Hii haiko sawa na sigara, moshi inapita mu maji.» Wengi wanaisema kwa roho safi kabisa. Mimi nilisoma agronomie, sikusoma médecine wala histoire. Lakini tumbako ni mumea wa shamba, na makala yenye inawaka juu ya ile chupa inatoka ku miti, kwa hiyo nimeona niko na haki ya kufuata sentensi ile mpaka kule ilitokea. Iko na umri wa miaka 400 hivi. Na serikali nyingi zenye zilikataza shisha zilikamata watu, zikavunja vyombo, zikaacha ile sentensi ikitembea huru mu barabara.

Tuanzie India, mu muji wa Agra, kuelekea mwaka wa 1604. Mutumishi mumoja wa mufalme Akbar, jina lake Asad Beg, alirudi kutoka Bijapur, upande wa kusini, na zawadi nyingi. Kati ya zile zawadi kulikuwa tumbako na kiko kizuri cha kuivutia. Tumbako ilikuwa ngeni mu jumba lile. Wareno njo walikuwa wameileta ku pwani ya India kutoka Amerika. Akbar akashangaa, akauliza maulizo, akavuta kidogo. Munganga wake akamukataza asiendelee. Asad Beg mwenyewe aliandika vile mabishano yalienda: yeye akasema Wazungu wanaijua na hawakosi akili, munganga akajibu kwamba hawataki kufuata desturi ya Wazungu yenye wenye hekima wao wenyewe hawajaipima. Asad Beg naye akarudisha kwamba kila desturi ya dunia ilikuwa mupya siku moja. Mabishano sawa yale unaweza kuyasikia leo mu kikao chetu chochote, badilisha paka kitu chenye kinabishaniwa. Akbar hakushika ile desturi, lakini wakubwa wa jumba waliomba wapewe yao, na wafanyabiashara wakaanza kuileta.

Sasa maji yaliingia wapi? Hadithi yenye inarudiwa sana inasema munganga mumoja wa jumba la Akbar, Abul-Fath Gilani, mutu mwenye kutoka Iran, alitaka kupunguza ubaya wa moshi, akaupitisha ndani ya chupa ya maji. Hadithi ni tamu, lakini Abul-Fath alikufa mu 1589, miaka 15 hivi mbele ya Asad Beg kuleta tumbako Agra. Hesabu zinagongana. Mwanzo wa kweli wa chombo hiki ungali unabishaniwa: India, Iran, hata Afrika, juu mu pango moja la Lalibela, Ethiopia, walifukua vichwa vya viko vya maji vyenye vinahesabiwa kuwa vya karne ya 14, na ndani yake alama za bangi, mbele tumbako ifike upande huu wa dunia. Mimi kwangu ile hadithi ya Abul-Fath ni ya maana hata kama haiko ya kweli. Watu walipotafuta baba wa shisha hawakuchagua mufundi wa vioo ao mufanyabiashara. Walichagua munganga. Tangu zamani chombo kile kilitembea na jina la afya.

Mutoto wa Akbar, Jahangir, alikataza tumbako mu 1617, na yeye mwenyewe aliandika juu ya nini: aliona imeharibu mwili na akili ya watu wengi. Hapo tuko na amri ya afya ya watu wote, miaka mingi mbele mutu yeyote ajue kansa ya mapafu ni nini. (Jahangir mwenyewe alikuwa mulevi wa pombe na opiamu, na hakuficha, aliandika hilo pia. Tuache.) Anasema tena kwamba Shah Abbas wa Iran alikuwa ameikataza kule kwake. Lakini Jahangir alikuwa na balozi ku jumba la Abbas, Khan Alam, mwenye hakuweza kukaa saa moja bila kuvuta. Walifanya nini? Shah akamupatia ruhusa. Mukubwa mumoja akaachiliwa, na amri ile haikudumu, India wala Iran. Wenye kusoma sheria mutaniambia kama nakosea, lakini naona ile ruhusa ya balozi ilifundisha watu kitu kuliko amri yenyewe.

Istanbul walienda mbali zaidi. Mu 1633, kisha moto mukubwa kuunguza sehemu ya muji, Sultani Murad wa 4 alifunga nyumba za kahawa na kuweka azabu ya kifo kwa mutu mwenye kuvuta. Pale hawakuwaza sana mapafu: waliogopa moto, na waliogopa maneno ya siasa yenye yalisemwa ndani ya moshi. Watu waliuawa kweli. Haikupita miaka 20 tumbako ikaruhusiwa, kiisha Leta ikaanza kuitoza kodi. Nargile ikawa ya heshima: jina lile linatoka ku neno la nazi, juu chupa za kwanza zilikuwa vifuu vya nazi. Na «shisha» ni kioo tu.

Kuna marufuku moja yenye ilifaulu kabisa, na ningependa tuikalie kidogo. Tarehe 20 Machi 1890, Nasir al-Din Shah wa Iran aliuzia Mwingereza mumoja, Major Gerald Talbot, haki yote ya tumbako ya inchi: kununua, kuuza, kusafirisha inje, kwa miaka 50. Bei ilikuwa pauni 15,000 kila mwaka na robo ya faida. Mukulima wa Iran akaamka asubuhi moja na muteja mumoja tu, na yule muteja njo anapanga bei. Sisi wenye babu zetu walilimishwa pamba kwa lazima tangu 1917 hatuna lazima ya kuelezwa sana jambo hilo. Mu 1891 watu wa Shiraz, Tabriz na miji mingine wakasimama. Mu Disemba ikatoka fatwa fupi sana yenye jina la Mirza Hasan Shirazi, mwalimu mukubwa wa Washia mwenye aliishi Samarra, Iraki: kutumia tumbako, kwa namna yoyote, ni sawa na kupiga vita na Imamu.

Watu wakaacha. Maduka yakafungwa, qalyan zikavunjwa, na hata ndani ya jumba wanawake wa Shah walikataa kuvuta. Hakukuwa polisi, hakukuwa amande. Mu Januari 1892 Shah akafuta mapatano, na inchi ikakopa pauni 500,000 ku benki ya Waingereza ili kulipa kampuni yenye ilifukuzwa. Fatwa ikaondolewa, na qalyan zikawashwa tena.

Zile wiki chache zinanisumbua. Inchi nzima yenye ilizoea tumbako iliweza kuacha, juu watu walimuamini mwenye alisema na walielewa kwa nini. Lakini sababu haikuwa afya. Hakuna mutu mwenye aliwaambia Wairani kwamba moshi wa qalyan unaua, kwa hiyo sababu ilipoisha hawakuona kitu cha kuogopa. Maji yalikuwa yangali pale, yanaimba ndani ya chupa.

Na tusisema ni mambo ya Waarabu na Waajemi tu. Ku pwani ya Afrika Mashariki kiko cha maji kilikuwa cha kawaida mu karne ya 19. Kitabu cha Kiswahili cha Edward Steere, chenye kilitoka 1870, kinataja sehemu zake moja kwa moja: bora ni kichwa chenye kinabeba tumbako, digali ni mufereji wa kushuka, kiko ni chombo cha maji, shilamu ni bomba la mudomoni. Hata mulio wa maji ulikuwa na jina, malio ya kiko. Lugha haitoi majina matano kwa kitu chenye haikitumii. Na hapa kwetu, mu Kasai, mu miaka ya 1880, Wajerumani Pogge na Wissmann walikuta kwa Kalamba Mukenge watu wenye walijiita Bena Riamba, wana wa bangi, wakivuta pamoja ndani ya kibuyu kikubwa. Kwa hiyo mutu akisema shisha ni kitu kigeni kabisa mu Congo, mimi sikubali. Kupitishana bomba moja kati ya watu tunakujua tangu mababu. Kitu kigeni ni kile chenye kiliwekwa ndani ya kichwa karibu na mwaka wa 1990.

Hapa niache histoire, niingie shamba. Tumbako ya zamani ya qalyan ilikuwa jani kali, lilowekwe, likamuliwe, liwekwe majimaji chini ya kaa. Inakwaruza koo. Kijana wa miaka 15 akijaribu mara moja, anakohoa na kurudia sigara ao kuacha. Mu miaka ya 1990 kampuni za Misri zikasambaza kwa wingi maasali, yaani tumbako iliyochanganywa na molasi, gliserini na harufu: tofaa, mint, zabibu. Jani limebaki sehemu ndogo ya ule muchanganyiko. Nyingine ni sukari na mafuta ya harufu. Kichwa kikafunikwa na aluminiamu yenye matundu, makala ya kuwaka haraka ikawekwa juu. Moshi ukawa baridi, mutamu, wa kunukia vizuri. Mu miaka 10 shisha, yenye ilikuwa ya wazee mu nyumba za kahawa, ikawa ya wanafunzi, kutoka Cairo mpaka Beirut, mpaka Paris, mpaka kwetu.

Na sheria? Sheria zote za karne ya 20 ziliandikwa na sigara mbele ya macho. Pakiti, filtre, onyo, kodi kwa kila sigara 20. Shisha haikuwa na mashine ya kuipima mu laboratoire, hakuna mwenye alijua hata mutu anavuta litre ngapi. Alan Shihadeh, enjinia wa Université Américaine ya Beirut, haiko munganga, njo alienda kupima vile watu wanavuta kweli mu café, kiisha akafundisha mashine kuvuta sawa wao. Alikuta mu kikao kimoja mutu anavuta mara 171, na kila pumzi ni karibu nusu litre. Fanya hesabu: litre 90 za moshi. Sigara moja haifiki litre moja.

Kutokea pale Shirika la Afya Duniani, OMS, likatoa mu 2005 karatasi ya ushauri kwa serikali: kikao cha saa moja kinaweza kukuingizia moshi mara 100 mpaka 200 ya ule wa sigara moja. Tusome vizuri. Karatasi inasema wingi wa moshi. Haikusema nikotini mara 100, wala sumu mara 100. Matangazo mengi yakageuza kuwa «shisha moja ni sigara 100», na kijana mwenye anavuta kila juma anaona hajakufa, basi anatupa na ile ya kweli pamoja na ile ya uongo. Ukidanganya mutu kwa ajili ya afya yake, siku atakapogundua hatakusikiliza tena hata ukisema ukweli.

Ukweli wenyewe unatosha. Maji yanapoza moshi na kushika sehemu ndogo tu ya vitu vyake. Kwa sababu umepozwa, mutu anavuta kwa nguvu na kwa kina. Na juu kuna makala. Kila familia ya Goma ao ya Uvira inajua kwamba haulali na mbabula ndani ya chumba chenye kimefungwa. Ile hewa yenye inaua usiku, monoksidi ya kaboni, haina harufu, haina rangi, na maji hayaishiki. Inakamata damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mutu wa shisha anaweka mbabula ndogo ku mwisho wa bomba na kuvuta kupitia kwake kwa saa moja. Wengine wanaanguka pale pale, kizunguzungu na kutapika, na marafiki wanasema amechoka. Ongeza lile bomba lenye linatembea mudomo kwa mudomo mu inchi yenye kifua kikuu kingali kingi sawa yetu. Mu 2020, juu ya Covid, inchi nyingi za Waarabu zilifunga shisha mu café zao kwa sababu hiyo hiyo ya kupitishana. Miaka yote ya kansa haikuwafanya wafunge.

Tuingie kwa majirani. Uganda ilipitisha sheria ya tumbako mu 2015, ikaanza kazi Mei 2016: shisha imekatazwa ndani ya sheria yenyewe, kwa jina. Kampuni ya sigara ikaenda mahakama ya katiba kupinga ile sheria, ikashindwa mu 2019. Tanzania ilikataza mu Julai 2016 kwa tangazo la Waziri Mukuu. Rwanda ilikataza mu Disemba 2017 kwa tangazo la Wizara ya Afya, yaani mutu wa Goma akivuka mupaka anaingia inchi yenye chupa ile haina ruhusa, ku hatua chache tu. Wiki mbili kisha, Kenya nayo: kanuni za Waziri wa Afya, azabu ya shilingi 50,000 ao miezi sita ya gereza ao vyote viwili.

Ya Kenya njo inafaa tuisome kwa makini. Mahakama kuu ilikuwa imeagiza mu 2018 zile kanuni zipelekwe bungeni zipitishwe vizuri. Hazikupelekwa. Polisi wakaendelea kukamata miaka na miaka. Kiisha mu Machi 2024, mahakama ya Shanzu, Mombasa, ikaachilia watu 48 wenye walishitakiwa kwa shisha, ikisema ile marufuku haikufuata njia. Serikali ikajibu marufuku ingali. Mutu wa kawaida akabaki katikati, hajui kama chupa ni halali ao hapana, na hakuna hata mumoja mwenye alimuelezea moshi. Walibishana juu ya karatasi. Walikuwa na haki ya kubishana, juu karatasi ilikuwa mbovu. Ya Uganda ilipita bungeni na imesimama.

Congo yetu ilisaini na kuthibitisha Mapatano ya OMS juu ya tumbako tangu 2005, na sheria ya afya ya tarehe 13 Disemba 2018 inagusa tumbako. Hatuanzi ku sifuri. Mimi siombi arrêté ya haraka ya kukataza shisha. Kila mutu hapa anajua kile chenye kinatokea karatasi ya haraka ikifika ku barabara: inageuka bei. Mwenye bar analipa kidogo kila juma, chupa inarudi chini ya meza, mu chumba chenye madirisha yamefungwa ili mutu asione, na makala inawaka pale pale. Tutakuwa tumeongeza sumu kwa jina la afya.

Turkiya walitafuta njia ingine yenye naona iko na akili. Onyo la tumbako linaandikwa ku pakiti, lakini muteja wa shisha haoni pakiti hata siku moja. Mwenye café anaifungua jikoni. Basi waliamuru onyo liandikwe ku chupa yenyewe. Kile kioo chenye kilituahidi usafi miaka 400 kikalazimishwa kusema kinyume, mbele ya macho ya mwenye kuvuta. Sijaona kitu kama kile mu bar yetu yoyote. Haiombi polisi wengi, na haifunge mutu.

Sasa swali kwa ba juriste wetu, juu hapa agronomie yangu inaishia. Yale Mapatano ya OMS yanaita «tumbako» kitu chenye kimetengenezwa na jani la tumbako, lote ao sehemu yake. Tayari kunauzwa molasi isiyo na jani hata moja, wanaiita ya majani ya kawaida, ao ya asili. Kichwa kile kinaponyoka sheria yote ya tumbako. Lakini makala yake ni ile ile, na bomba ni lile lile. Mu sheria yetu ya 2018 kuna neno lenye linaweza kulikamata, ao tutafute upande wa hewa ya ndani ya nyumba?